Msiri wa Bunkeya: mwami aliyetaka karatasi isomwe kwanza

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri. Kwa ndugu zetu wa Kivu, Maniema, Ituri na Tanganyika wasiojua pale: Bunkeya ni muji wa kifalme ulio katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba, upande wa mto Lufira. Ni teritware ileile yenye Tenke na Fungurume, ambako leo malori ya shaba na kobalti hayalali.

Watu wengi wanajua namna Msiri alivyokufa. Alipigwa risasi na mwanajeshi mzungu, kichwa chake kikakatwa, na mpaka leo wazee wanauliza kichwa kilipelekwa wapi. Lakini kabla ya risasi kulikuwa na karatasi, na juu ya karatasi ile Msiri alifanya jambo ambalo wanaofundisha sheria vijijini wanatuomba tufanye sisi sote. Alikataa kutia mkono kabla hajasomewa. Turudi nyuma kidogo, tuone alitoka wapi.

Msiri hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika inchi ya Wasumbwa, upande wa Tabora, Tanzania ya leo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Alikuwa anasafiri na msafara wake, anavuka mpaka Katanga, ananunua shaba iliyoyeyushwa na wenyeji, kisha anarudi nayo mashariki. Zamani zile mafundi wa Katanga walikuwa wanaimwaga shaba katika umbo la msalaba mdogo, na misalaba ile ilitumika kama feza katika inchi nyingi. Kijana Ngelengwa alijifunza njia hiyo kwa miguu ya baba yake.

Mnamo 1856 hivi akarudi Katanga kwa nguvu zake mwenyewe, na safari hii hakurudi kwao. Alikuja na watu wachache lakini walikuwa na bunduki, na bunduki ilikuwa kitu kigeni kwa wengi. Akajiweka karibu na machifu wa Basanga, akawasaidia kuwapiga Baluba waliokuwa wanawasumbua, akaoa huku na huku. Machifu waliomkaribisha kama mgeni walipozeeka na kufa, mgeni akakuta nguvu iko mkononi mwake. Watu wake wakaitwa Bayeke, na inchi yake ikajulikana kwa jina la Garanganze.

Karibu 1880 alijenga makao yake makubwa Bunkeya. Wageni waliofika pale walishangaa kuona muji mkubwa namna ile katikati ya bara. Njia za biashara zilikutana pale kutoka pande mbili za Afrika. Upande wa magharibi, misafara ilitoka Bihé, Angola, na kuleta bunduki, baruti na vitambaa. Upande wa mashariki, njia ilikwenda mpaka pwani ya Waswahili. Msiri alitoa shaba, pembe za ndovu, chumvi, na pia watu. Hapo tusifichane. Watumwa walikuwa sehemu ya utajiri wake, na vijiji vingi vilivyolipa ushuru kwake vililipa kwa machozi.

Namna yake ya kutawala ilikuwa ya akili. Chifu aliyemkubali alipewa kombe la bahari kama alama ya cheo chake, na yeye akaleta pembe Bunkeya. Msiri alioa wanawake wengi kutoka inchi mbalimbali, na kwa njia yao alijua mambo ya kila upande. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alitoka katika familia ya wafanyabiashara Wareno wa Angola, kwa sababu mwami alitaka jicho na sikio upande ule pia.

Na haki je? Bunkeya kulikuwa na baraza. Watu walileta kesi zao, wakubwa wakasikiliza, mwami akakata. Desturi ilijulikana, hata kama haikuandikwa. Lakini neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja tu, na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa na jeshi, biashara na ghala. Aliyehukumiwa vibaya hakuwa na mahali pa kwenda juu yake. Wageni walioandika habari za Bunkeya wanataja mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma. Wageni hao walikuwa na sababu zao za kumchora Msiri kama shetani, maana walitaka inchi yake. Hata hivyo Basanga wenyewe, waliomkaribisha mwanzoni, walikuja kumwasi, na hawakuhitaji mzungu kuwafundisha kwamba wanaumia.

Mwezi wa pili 1886, misionari mmoja wa Scotland, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya. Alikuwa kijana, hakuwa na jeshi, na hakutafuta mgodi. Msiri akamchukua vizuri. Baadaye wakaja wenzake, Charles Swan na William Faulknor, na mwaka 1890 akafika Dan Crawford. Wamisionari hawa hawakupata Wakristo wengi Bunkeya. Lakini mwami aliona haraka faida yao nyingine: walijua kusoma karatasi za Wazungu.

Wakati huohuo, mbali sana, mambo yalikuwa yamekatwa tayari. Katika mkutano wa Berlin, uliofungwa mwezi wa pili 1885, wakubwa wa Ulaya walikubaliana namna ya kugawana Afrika. Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alipata Congo kama mali yake. Kwenye ramani, Katanga ilikuwa ndani ya Congo hiyo. Lakini ramani peke yake haikutosha. Ilibidi kuonyesha kwamba machifu wamekubali, na alama ya kukubali ilikuwa karatasi yenye msalaba ao alama ya chifu chini yake. Waingereza nao, kwa kampuni ya Cecil Rhodes iliyokuwa inapanda kutoka kusini, waliona kwamba kama Msiri hajatia mkono kwa Léopold, basi mlango uko wazi.

Ndiyo sababu shauri la Arnot lilikuwa la thamani kuliko mizigo ya vitambaa. Kabla ya kuondoka mwaka 1888, Arnot alimwonya Msiri kwamba watakuja Wazungu na mikataba, na kwamba asikubali yoyote kabla ya kutafsiriwa na kuelezwa na mtu anayemwamini. Hakumwambia akubali ao akatae. Alimwambia ajue kwanza.

Mwezi wa kumi na moja 1890 akafika Alfred Sharpe, ametumwa na kampuni ya Rhodes. Alikuja na zawadi, na mkataba mfukoni. Maneno yaliyosemwa kwa mdomo yalikuwa ya urafiki na ulinzi. Msiri akataka karatasi yenyewe ielezwe. Ilipoelezwa, ikaonekana kwamba urafiki huo maana yake ni kutoa inchi. Mwami akakasirika, Sharpe akarudi mikono mitupu.

Tuangalie vizuri jambo hilo. Msiri hakujua kusoma Kiingereza. Hakuwa amekaa shuleni hata siku moja. Lakini alikuwa na mtu wa kumsomea, na alikuwa na ujasiri wa kusema ngoja kwanza. Vitu hivyo viwili tu vilisimamisha kampuni kubwa ya Uingereza kwenye mlango wa Katanga. Leo Bunkeya iko Congo na haiko Zambia, na kukataa kule ni moja ya sababu.

Léopold naye hakulala. Mwezi wa nne 1891 akafika Paul Le Marinel, akitoka Lusambo, na alipoondoka akaacha kituo kidogo cha Leta pale Lofoi. Mwezi wa kumi akafika Alexandre Delcommune, akamwomba Msiri akubali bendera ya Leta. Msiri akakataa. Lakini nguvu zake zilikuwa zinaisha. Basanga walikuwa wameasi, njia zilikuwa zimefungwa, mashamba yalikuwa yameachwa, na njaa ilikuwa imeingia Bunkeya. Watu walikuwa wanakimbia muji. Mwami aliyejua kulinda inchi yake mbele ya karatasi ya mgeni alikuwa hana ulinzi mbele ya watu aliowaumiza mwenyewe.

Hapo ndipo akaanza kufikiri tena juu ya Waingereza. Barua ikaandikwa kwa Sharpe, kwa mkono wa misionari, kumwita arudi. Barua hiyo haikufika. Njiani ilikutana na msafara mwingine, ikafunguliwa na kusomwa na mtu ambaye haikuandikiwa.

Mtu huyo alikuwa William Stairs, askari mzaliwa wa Kanada, sasa katika kazi ya Léopold na kampuni ya Katanga. Alitoka pwani mbele ya Zanzibar katikati ya mwaka 1891, na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi na askari Waswahili. Akavuka ziwa Tanganyika, akafika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Pamoja naye walikuwa Mbelgiji Omer Bodson, Mfaransa de Bonchamps na daktari Joseph Moloney. Stairs hakuja kusubiri mwaka mzima. Alijua kwa barua ile kwamba Waingereza wanaweza kurudi wakati wowote.

Mazungumzo yalichukua siku chache tu. Msiri alijaribu kuvuta wakati, kama alivyozoea. Stairs akapandisha bendera ya Leta juu ya kilima bila ruhusa ya mwami. Usiku Msiri akaondoka Bunkeya na kwenda kijiji cha karibu, Munema. Kesho yake, tarehe 20 Desemba 1891, Stairs akawatuma Bodson na de Bonchamps na askari kama mia moja wamlete. Msiri akakataa kufuata. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga risasi, mwami akaanguka. Masuka, kijana wa nyumba yake, akampiga Bodson, naye akafa siku ileile. Wazungu wenyewe waliandika kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kuonyeshwa watu. Wazee wa Bayeke wanasimulia kwamba kilibebwa na kupelekwa mbali.

Baada ya hapo mikataba ikatiwa mkono haraka. Mtoto wa Msiri, Mukanda-Bantu, akakubaliwa kuwa chifu, lakini juu ya inchi ndogo kuliko ya baba yake, na chini ya bendera ya Leta. Machifu wengine nao wakaweka alama zao. Nani angeomba tafsiri siku ile, na damu bado haijakauka? Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe Jules Cornet alipita akipima shaba ya Katanga. Mwaka 1906 ikaanzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Stairs hakuona lolote kati ya hayo. Alikufa kwa homa mwezi wa sita 1892, kabla ya kufika kwao.

Sasa, juu ya nini tunaleta habari hii katika ukurasa unaozungumzia sheria na haki? Kwa sababu karatasi bado zinakuja. Zinakuja kwa sura nyingine: PV ya polisi, karatasi ya kuuza shamba, barua ya kuhamisha kijiji, daftari ya majukumu kati ya kampuni na wakaaji, ile wengi wanaita kaye de sharje. Nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, na anayeombwa kutia kidole mara nyingi ni mama ao baba asiyejua lugha hiyo.

Lakini kuna tofauti kubwa na mwaka 1891. Wakati ule kusomewa ilikuwa bahati ya mfalme mwenye rafiki misionari. Leo ni haki iliyoandikwa. Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 142, inaiamuru serikali kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria itangazwe. Kiswahili ni moja ya lugha hizo nne, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifungu cha 45 kinawapa viongozi wa Leta kazi ya kufundisha Katiba na haki za binadamu. Na kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu akikamatwa lazima aambiwe palepale sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoisikia, na aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake ao na wakili wake. Polisi haiwezi kumshika zaidi ya saa 48. Saa hizo zikipita, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria wanaohusika.

Kwa wakaaji wa Lubudi na maeneo mengine ya migodi, kuna pia sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018. Sheria hiyo inasema kwamba kampuni ya mgodi itenge angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake. Inasema pia kwamba katika ile kodi ya madini inayoitwa redevansi, 15% inakwenda kwa sheferi, sekta, komini ao muji ambamo mgodi unafanya kazi, na 25% kwa jimbo. Nambari hizo si siri. Lakini mkaaji asiyezijua hawezi kuuliza feza zilifika wapi, na daftari ya majukumu itasainiwa kwa jina lake bila yeye kujua kilichoandikwa ndani.

Hapo ndipo inaingia kazi ya wale wanaozunguka vijijini kufundisha sheria: mawakili, vyama vya haki za binadamu, mapadri na wachungaji, na redio za jamii. Wengi wetu tumewaona chini ya muembe, na kitabu mkononi, wakieleza kwa Kiswahili tofauti kati ya kesi ya deni na kesi ya kuiba, ao kazi ya tribinali ya amani. Mawakili wa baro nao wana ofisi za kutoa shauri bure kwa wasio na uwezo. Kuna wanaosema kwamba mafundisho hayo ni maneno matupu, kwa sababu mwenye bunduki ao mwenye feza atashinda tu, kama Stairs alivyoshinda.

Jibu haliwezi kuwa jepesi. Ni kweli kwamba kujua hakukumwokoa Msiri. Mwaka 1890 ujuzi ulimtosha kumrudisha Sharpe. Mwaka 1891 haukumtosha mbele ya Stairs. Lakini tuone alivyosimama siku ya mwisho. Alikuwa peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa na msomaji, si watu wake. Basanga hawakuwa na baraza la kulalamikia ushuru wake, na mtumwa aliyeuzwa hakuwa na wa kumwuliza kosa lake ni nini. Ujuzi uliobaki ndani ya boma la mwami uliisha siku mwami alipoanguka. Kama chifu wa leo ndiye peke yake anayejua kilichoandikwa katika daftari ya majukumu, tuko palepale. Kijiji kizima kikijua, hata chifu akinunuliwa ao akitishwa, watabaki wamama na vijana wanaoweza kusimama na kutaja kifungu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiletewa karatasi, omba isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoisikia, mbele ya shahidi unayemwamini wewe. Omba nakala ubaki nayo. Kama unaambiwa utie mkono leo hii bila kusubiri, uliza haraka hiyo ni ya nani. Na siku mwalimu wa sheria akipita kijijini kwako, usiende peke yako. Mchukue mama mkwe, mchukue kijana asiye na kazi, mchukue yule jirani mnayegombania mupaka wa shamba. Sharpe alirudi mikono mitupu mbele ya mtu mmoja aliyesomewa. Atakayekuja kesho akute wengi.